Upinde Uliochaguliwa Kati ya Kabichi

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikimbilia msituni Hangaria likiwa na mshale tumboni, na halikuonekana tena. Aliyeachia mshale alikuwa mteja wangu. Lakini upinde nilimchagulia mimi, na mikono yake niliipima mimi, tena mara tatu, nikaandika vipimo kwenye daftari kwa wino wa rangi mbili.

Naanza na hilo kwa sababu nyinyi mnaoshika nafasi yangu kwenye meza ya pinde mtaambiwa kwamba Mutua alikuwa hakosei. Mmoja wenu, simtaji, juzi alinishika mkono akaniambia, "Kaka, tufundishe siri." Siri yenyewe ndiyo hiyo niliyoiandika hapo juu. Mkitaka nyingine, ni kwamba kila mteja aliponiaga nilikuwa nakwenda stoo kuhesabu upya nilichomfanyia, midomo ikinicheza kama mtu anayesoma dua.

Najua mnacheka kusikia mtu wa miaka thelathini na tatu akisema amestaafu. Chekeni. Bega langu la kulia limevuta upinde mbele ya wateja kwa miaka tisa, na daktari wa Al Rayyan aliniambia nichague kati ya meza ile na uwezo wa kujichana nywele nikizeeka. Nywele zenyewe zimeshaanza kuaga, lakini nilichagua. Sasa niko ghorofani, naagiza mizigo, nakalia kiti chenye magurudumu. Nikisikia huko chini mtu anavuta upinde vibaya, jino linaniuma.

Niwaambie nilivyoingia. Mudiri wetu, mwenye duka hili la Al Sadd hapa Doha, aliniuliza kwenye usaili natoka Kenya upande gani. Nikasema Kitui. Akapiga meza kwa furaha. Wakala alikuwa amemweleza kwamba Wakamba huzaliwa na upinde mkononi. Mimi nilizaliwa Kitui, ni kweli, lakini nimekulia Mlolongo, mjini karibu na Nairobi, na silaha pekee niliyowahi kushika ni kombeo, na kwa kombeo nilikuwa nakosa hata ukuta. Isitoshe, kwetu kuwinda kulipigwa marufuku kabla sijazaliwa. Kulungu nilimjua kwenye picha. Yote hayo nilipaswa kuyasema siku ile. Badala yake nikatabasamu kama mtu wa ukoo wa wapiga mishale.

Basi ikabidi nijifundishe. Nilikuja saa moja na nusu kabla ya duka kufunguliwa, nikawa napiga shabaha kwenye kile kichochoro cha nyuma, simu imeegemezwa kwenye kopo la rangi inanionesha video. Aliyenigundua ni Maalim Juma, Mzanzibari aliyekuwa akisimamia upande wa vifaa vya mwewe wa kuwindia: kofia za ngozi, glavu, kamba za miguu. Alikuwa na miaka zaidi ya ishirini Doha, na mzaha wake ulikuwa wa pole, unakuchoma ukishafika nyumbani.

"Yakhe," aliniambia akiwa mlangoni, "babu zako huko waliko wakikuona, watakukana mbele ya mashahidi."

Wiki ya pili nikafanya lile ambalo nawakataza mpaka mnanichukia: nikavuta upinde mtupu nikauachia bila mshale. Nguvu ile yote inataka mshale wa kuibeba. Ikiukosa, inarudi kwenye upinde wenyewe. Ulilia kama sahani za harusi zilizoanguka kwa pamoja, bawa moja la upinde likapasuka, kigurudumu cha nchani kikaruka hadi dukani. Maalim alikiokota kati ya kofia zake za ngozi, akakigeuza, akaniuliza kwa upole, "Hiki chako, au cha mwewe?"

Hakumwambia mudiri kwamba nilikuwa sijui kazi. Alisema nilikuwa naujaribu, na kwa kweli nilikuwa naujaribu.

Sasa sikilizeni habari za upinde wa kisasa, maana mteja atakuuliza na usipojua atakujua. Kila ncha ina kigurudumu, na hicho ndicho kinachofanya kazi ya kapi. Mwanzo wa kuvuta ni mzito. Ukishapita katikati uzito unashuka ghafla, na mkono ukifika mwisho unakuwa umeshika sehemu ndogo tu ya ule mzigo. Hapo ndipo mwindaji anapotulia na kusubiri. Lakini kufika hapo lazima upande kilima kwanza, na kilima hakina njia ya mkato. Urefu wa kuvuta unaupata kwa kupima mikono iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha unagawanya kwa mbili na nusu. Na kabla hujampa mtu upinde wa kulia au wa kushoto, mwambie aelekeze kidole kwenye taa huku macho yote yakiwa wazi, kisha afumbe moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kidole hakihami ndilo jicho lake la kulengea. Nimewahi kumpuuza mteja aliyesema, "Jicho langu ni la kushoto." Alinunua wa kulia kwa sababu nilimwona akiandika kwa mkono wa kulia. Alirudi baada ya wiki akiwa amepiga ukuta wa jirani na tangi la maji, vyote kwa usahihi mkubwa.

Na msiniletee mteja aliyeacha upinde ndani ya gari mwezi wa saba huku anahudhuria harusi Al Thumama. Ugwe, ile kamba ya upinde, unalegea, gundi ya mabawa inalainika, halafu anasema tumemuuzia kitu kibovu. Upinde anapanda nao lifti kama anavyopanda na mtoto.

Nirudi kwa kosa langu.

Bu Salim, yaani Baba Salim, alikuwa na miaka sitini na kitu. Ni Mkatari, mtu mpole, anayenunua taratibu kama anayechagua mkwe. Mwaka wangu wa kwanza alikuja akasema anakwenda Hangaria na ndugu zake kuwinda kulungu, wale wakubwa wenye pembe kama matawi, na anataka upinde wa kumtosha. Nikashusha ukutani ule uliokuwa na kasi kuliko yote, uzito wa kuvuta paundi sabini. Kwenye karatasi haukuwa na mpinzani, nami wakati ule niliamini karatasi kama wengine wanavyoamini wakwe zao. Aliuvuta mara tatu. Alikuwa amesimama, amevaa kanzu nyepesi, kiyoyozi kinapuliza vizuri na kahawa imeshashuka. Nikapiga makofi. Akachukua.

Hatukumwona kwa miezi mingi. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, aliingia na ule ule mfuko mweusi, akauweka juu ya meza yangu kama anayerudisha mahari.

"Ewe Mutua," alisema kwa Kiarabu ninachokielewa vizuri kuliko ninavyokisema, "nilimpiga tumboni. Tulimtafuta siku mbili. Siku ya pili mvua ikafuta damu."

Nikasema pole. Sikujua pole hiyo nampa nani.

"Mnyama yule hakunikosea kitu. Kafa wapi, kafa lini, sijui. Nyama haikuliwa na mtu. Nimemwahidi Mungu. Nikimjeruhi mwingine nikampoteza, sishiki tena upinde mpaka nazikwa. Nakwenda tena mwezi wa kumi na moja. Nipe wenye nguvu zaidi."

Tafadhali msinidharau: mkono wangu ulikuwa umeshafika ukutani. Kulikuwa na wa paundi sabini na tano, umefika wiki ile, bado unanuka sanduku. Maalim Juma akakohoa kule kwenye kofia zake. Nikageuka.

"Mwambie akuoneshe alivyokuwa amekaa," akasema kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa.

Mimi sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mwindaji hukaa. Kwenye video zangu watu walikuwa wamesimama. Bu Salim akaeleza kwamba walikuwa juu ya mti, kwenye kibanda cha mbao, saa tatu nzima bila kutikisika, baridi inauma hadi kwenye meno. Nikamsogezea kigoda cha kahawa, nikamwekea mshale, nikamwelekeza kwenye gunia la shabaha la mwisho wa kichochoro. Akajaribu kuvuta ule wake wa zamani akiwa amekaa. Mzee wa watu akaunyanyua upinde mpaka dari, kama anayeomba mvua, bega linatetemeka, akafika nusu ya njia, akaurudisha polepole.

"Na kule nilivaa koti, ikabidi nisimame ndipo uvutike," akasema akihema, akaonesha unene kwa vidole. Ulikuwa unene wa godoro la msafiri.

Nikaona kila kitu, vijana, kama mtu aliyewashiwa taa. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema. Nilimwambia arudi baada ya siku tatu, nina jambo nataka kulipima.

Siku ile niliwaza mudiri akijua itakuwaje, visa yangu itakuwaje, mama nitamwambia nini. Nilipitia vipimo vyangu mara nne nikitafuta hesabu iliyokosewa. Haikuwepo. Nilimpelekea Maalim daftari.

"Vyote sahihi," alisema baada ya kulisoma mpaka mwisho. "Ila yakhe, ulimpima mtu mwingine. Huyu wako amesimama, amevaa kanzu, ameshiba. Aliyekwenda kupiga kulungu hujamwona bado."

"Nitamwona wapi? Doha hii, mwezi wa tisa, baridi nitaipata wapi?"

"Ofisini kwa mudiri. Hujamwona anavyojifunga skafu?"

Alikuwa anatania, lakini ndipo nilipomkumbuka Achieng. Tuliimba naye kwaya moja, yeye sauti ya pili na mimi nikifungua mdomo tu. Alikuwa msimamizi wa ghala la baridi kule Sanaiya, eneo la viwanda na maghala, linalolisha mahoteli. Nikampigia.

"Ati unataka kuniletea nini?"

"Mzee mmoja na pinde mbili. Tukae tu kwenye baridi kidogo."

"Mutua, wewe uko sawa kweli? Mnataka kuwinda kuku wangu?"

"Hatupigi mshale hata mmoja. Anavuta tu, anarudisha."

"Mtakaa chumba cha mboga basi. Hicho ni nyuzi mbili. Cha kuku ni kumi na nane chini ya sifuri, mtatoka humo mkiwa bidhaa." Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akasema atamwomba bosi wake ruhusa, na akaomba kweli, na akapewa, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kupata moyo wa kumkatalia Achieng.

Bu Salim nilimweleza kwamba ni kipimo cha mwisho. Alinitazama sana, kisha akakubali. Siku hiyo nje joto lilikuwa la kukaanga yai, na yeye akashuka garini amevaa koti lile la Hangaria, glavu na kofia ya sufi. Mlinzi wa geti, Mganda mmoja mrefu, alimtazama, akanitazama mimi, akafungua geti bila swali. Nadhani mpaka leo anawasimulia watu.

Tukakaa juu ya makreti, kati ya kabichi na matufaha. Dakika arobaini. Dakika ya kumi nilianza kujuta, maana mimi nilikuwa nimevaa shati. Achieng akapita na jaketi lake nene la kazini.

"Baba Salim," akamwambia kwa Kiarabu chake kisicho na aibu, "ningewaletea chai, lakini huko msituni nani anakuletea chai?"

"Hakuna," akajibu mzee, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze nikamwona akicheka.

Dakika arobaini zilipotimia nikampa kwanza upinde wake wa zamani. Nilimkumbusha asiuachie kwa hali yoyote, maana hauna mshale, nami nikasimama mkono ukiwa karibu na ugwe kama mtu anayemfundisha mtoto baiskeli. Akavuta. Ugwe haukusogea hata shubiri. Akajaribu tena akiwa ameuma midomo. Kilichosogea safari hii kilikuwa kreti. Nilipouangalia ule mkono wa mbele niliona jambo la pili: ugwe ulikuwa umelalia mkono wa koti. Hata angesimama akauvuta, ugwe ukirudi ungekwangua kitambaa na mshale ungekwenda unakotaka wenyewe. Kwa mfano, tumboni.

Alitaka kujaribu mara ya tatu. Nikaushika upinde.

"Bu Salim, acha. Kosa si lako." Nikamsaidia kuushusha. "Upinde huu nilikuchagulia mimi. Ni mzito kuliko unavyoweza ukiwa umeganda, na mvuto wake ni mrefu kwa inchi nzima ukiwa na koti. Nilikupima vibaya. Wakati ule nilikuwa sijawahi kumwona kulungu, wala baridi, wala mwindaji. Hata sasa kulungu sijamwona."

Achieng aliyekuwa anahesabu matufaha akaacha kuhesabu.

Mzee aliuweka upinde magotini. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwaka mzima nimekuwa nikiomba msamaha wa dhambi ambayo nusu yake si yangu?"

"Ndiyo."

"Na wewe umelala mwaka mzima?"

"Nilikuwa sijui. Nimejua wiki hii. Wiki hii sijalala."

"Vizuri," akasema. "Basi kuanzia leo tugawane. Wewe nusu, mimi nusu, kwa sababu hata mimi nilijua mkono unatetemeka na bado nikaachia." Akajifuta pua kwa glavu. "Sasa nipe huo mwingine kabla sijawa kabichi."

Nikampa wa paundi hamsini na tano, ambao nilikuwa nimeufupisha mvuto kwa inchi moja. Siku zile kazi hiyo ilihitaji ule mtambo mkubwa wa kubana mabawa. Siku hizi mnageuza kipande kidogo kwa alanki, kile kifunguo chenye umbo la L, huku mkitafuna chapati, na bado mnalalamika. Ulikuwa upinde mrefu kidogo kuliko ule wa zamani, mzito mkononi, na kasi yake haikuwa ya kujivunia mbele ya ndugu. Akauvuta moja kwa moja mbele ya uso, bila kuomba mvua. Nikahesabu polepole hadi sitini, kwa sababu mnyama hana haraka ya kukugeuzia ubavu. Mkono ulitulia. Akaurudisha taratibu, hata mimi niliyekuwa karibu sikusikia sauti. Nikamwekea bangili ya ngozi ya kubana mkono wa koti.

"Una kasi ndogo," nikamwambia, maana niliapa kutomficha kitu tena. "Utatumia mshale mzito, na hupigi zaidi ya hatua ishirini. Akiwa hatua ishirini na moja, unamwangalia tu."

"Hatua ishirini na moja namwangalia tu," akarudia kama mwanafunzi.

Kwa wiki sita alikuja kufanya mazoezi kichochoroni amevaa koti, huku jasho linamtoka kama mpishi wa biriani. Wateja wengine walipita wakimwuliza kama ana homa. Mudiri naye aliuliza. Nikamweleza yote, toka kombeo la Mlolongo mpaka kabichi. Alinisikiliza, akaniuliza, "Kwa hiyo Wakamba hawajui pinde?" Nikamwambia wanaojua wapo, ila yeye aliajiri yule mwingine. Akasema tayari amenizoea.

Mwezi wa kumi na moja ulikuwa mrefu. Kila mlango ulipofunguliwa nilitegemea mfuko mweusi. Nikilala namwona mnyama anakimbia na mvua inaanza. Maalim alinikuta nimepanga mishale ya dukani kwa urefu, kisha kwa rangi, kisha tena kwa urefu, akaniambia kama nimekosa kazi mwewe wake wana kucha za kukata.

Bu Salim aliingia siku ya Jumanne. Nilikuwa nampima mtu. Akanioneshea mkono nimalize, akakaa kwenye kigoda, akanywa vikombe viwili vya kahawa. Yule mteja nilimpima mabega mara mbili bila kuona nilichoandika.

Nilipomaliza, alisema, "Siku ya nne. Hatua kumi na nane. Alitembea kidogo, akalala. Nilimwona kwa macho yangu mpaka mwisho, nikamfikia, nikaweka mkono wangu juu yake."

Nikashukuru. Kisha kwa ule ugonjwa wangu wa kutaka kujua kila kitu nikauliza, "Na zile siku tatu za kwanza hakuja hata mmoja?"

"Alikuja. Siku ya pili, mkubwa kuliko wote niliowahi kuona maishani. Ndugu zangu walikuwa wananinong'oneza, piga, piga." Akaweka kikombe chini. "Alikuwa hatua arobaini. Nilimwangalia tu."

Ninachotaka mkijue ni hiki. Tangu mwaka ule, hakuna upinde wa kuwindia kulungu unaotoka duka hili kabla mnunuzi hajakaa dakika arobaini kwenye ghala la Sanaiya na koti lake, akauvuta akiwa amekaa, na akaushikilia kwa hesabu ya sitini. Akishindwa, tunampunguzia uzito. Wengine hukasirika na kwenda maduka mengine, na mudiri huwaacha waende.